Baada ya Kupandikizwa Figo: Protini ya Damu Inatuambia Nini?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira



 Tunajua wengine wenu mmeamka alfajiri kutoka Nyamarambe na wengine Nyansiongo, na majani chai shambani hayamngojei mtu. Basi tuingie katika jambo lenyewe.

Vikundi vyetu vimezoea kusaidiana katika matanga, karo na ugonjwa. Siku hizi umekuja mzigo mwingine, harambee ya figo. Mtu amesafishwa damu kwa mashine mwaka mmoja, miaka miwili, ndugu yake amejitolea kumpa figo moja, na kijiji kinaitwa kuchanga. Tunachanga. Mgonjwa anakwenda Hospitali ya Kenyatta Nairobi au Hospitali ya Moi Eldoret, anapasuliwa, anarudi akitembea kwa miguu yake. Padre anasoma misa ya shukrani, watu wanakula, na kikundi kinafunga hesabu. Leo tunataka tuongee juu ya yale yanayofuata misa hiyo, na hasa juu ya neno moja ambalo tumelikuta likivuruga nyumba nyingi tunazozitembelea. Neno hilo ni protini.

Mgonjwa anatoka kliniki na kusema, "Nimeambiwa protini ya damu imeshuka." Nyumbani wanachinja kuku. Mwezi mwingine anarudi na kusema, "Wameona protini kwenye mkojo." Sasa wanamnyima maharagwe, maziwa na mayai, eti protini imezidi mpaka inamwagika. Wote wana nia njema. Lakini huenda habari hizo mbili ni ugonjwa ule ule mmoja, na dawa yake haimo katika sufuria.

Hebu tueleze taratibu. Mnajua chujio la chai. Maji na rangi vinapita, majani yanabaki juu. Figo ni chujio la damu. Maji yaliyozidi, chumvi na takataka za mwili vinapita kwenda kwenye mkojo. Vitu vikubwa ambavyo mwili unavihitaji vinabaki ndani ya damu. Kimoja kati ya hivyo ni protini inayoitwa albumini. Hii hatuili kwenye sahani. Inatengenezwa na ini letu wenyewe kila siku, kutokana na chakula tulichokula. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika sehemu ya maji ya damu, na kazi yake kubwa ni kuyashika maji yasitoke ndani ya mishipa. Pia hubeba dawa na vitu vingine kuvipeleka sehemu mbalimbali za mwili.

Ikipungua sana, maji yanatoka kwenye mishipa na kukaa penye nyama. Ndiyo maana miguu inavimba jioni, macho yanavimba asubuhi, viatu havivaliki.

Katika maabara nyingi mtu mzima mwenye afya ana albumini kati ya gramu 35 na 50 katika lita. Tafadhali waweka hazina mnaoshika karatasi za wagonjwa, angalieni hapa. Maabara nyingine huandika kwa lita na nyingine kwa desilita, ambayo ni sehemu ya kumi ya lita. Kwa hiyo 41 ya maabara moja na 4.1 ya maabara nyingine ni kitu kimoja. Tumeona familia nzima ikilia kwa sababu ya nukta.

Sasa, kwa nini albumini inashuka kwa mtu aliyepandikizwa figo? Sababu ni zaidi ya moja, na hapa ndipo watu wa nyumbani wanapopotea. Inaweza kushuka kwa sababu chujio limetoboka, yaani figo mpya imeanza kuumia na inaachia protini iende na mkojo. Inaweza kushuka kwa sababu kuna maambukizo mwilini, labda kifua kikuu, labda kidonda, labda maambukizo ya njia ya mkojo. Mwili ukipigana na vijidudu, ini huacha kidogo kutengeneza albumini na kutengeneza protini nyingine za vita. Inaweza kushuka kwa sababu ini lenyewe ni gonjwa. Na ndiyo, inaweza kushuka pia kwa sababu mtu hali vizuri. Majuma ya kwanza baada ya upasuaji ni kawaida iwe chini kidogo, halafu ipande figo inapofanya kazi na kidonda kinapopona.

Kwa hiyo albumini ni kama kengele ya kanisa. Inakwambia kuna jambo, haikwambii kama ni harusi au ni msiba. Lazima uende uulize. Madaktari waliofuatilia wagonjwa wa namna hii kwa miaka katika nchi mbalimbali wameona kwamba wale ambao albumini yao inabaki chini baada ya kupandikizwa wana hatari kubwa zaidi ya kupoteza figo, na hata ya kufa, kuliko wale ambao yao iko sawa. Hawasemi kwamba kushuka huko ndiko kunakoua. Wanasema kunaonyesha kwamba kuna kitu kinaendelea.

Na kuku je? Albumini hukaa mwilini muda mrefu, huchukua karibu siku 20 mpaka nusu yake ibadilishwe. Supu ya jana haiwezi kuonekana katika kipimo cha leo. Kama chujio limetoboka, unaweza kuchinja banda zima na bado albumini ikashuka, kwa sababu inatokea upande wa pili. Wakati mnachinja, siku zinakwenda.

Tulimjua kijana mmoja wa upande wa Nyamira, ambaye kaka yake alimpa figo. Mwaka wa kwanza alikwenda kliniki bila kukosa kwa sababu pesa za harambee zilikuwa bado zipo. Mwaka wa pili nauli ilikwisha. Akajiona ana nguvu, akarudi kuchuma chai, akakaa miezi minne bila kupimwa. Miguu ikaanza kuvimba. Mama akampa supu na mayai. Jirani akamletea vidonge vya maumivu ya mgongo. Binamu akasema haya si ya hospitali, kuna mtu anayemwonea wivu kwa kuwa alipona. Mnajua maneno ya namna hiyo yanafika wapi huku kwetu. Mwezi wa Mei 2008 wazee, kina mama na kina baba, walichomwa moto katika vijiji vyetu kwa tuhuma za uchawi, na hatujasahau. Mguu uliovimba unaweza kutafutiwa mtu wa kulaumiwa, na yule mwenye kulaumiwa mara nyingi ni bibi kizee asiye na wa kumtetea.

Kijana alipopimwa mwishowe, albumini ilikuwa 27, mkojo umejaa protini, na kipande kidogo cha figo kilichotolewa kwa sindano kikaonyesha kwamba mwili ulikuwa umeanza kuikataa figo ya kaka yake. Dawa zilibadilishwa. Figo ile bado inafanya kazi, lakini haikurudi kama ilivyokuwa. Nauli ya kutoka kwao mpaka kliniki ni pesa ambayo kikundi chake hutumia kwa soda katika mkutano mmoja.

Tumesema "mwili kukataa figo", na huenda wengine hamjasikia neno hilo. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofaulu ulifanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick na kumpa pacha wake Richard. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, kwa hiyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kama mgeni. Aliishi miaka 8 zaidi, akaoa na kupata watoto. Ronald aliyetoa aliishi na figo moja mpaka 2010, akiwa mzee. Murray, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kweli, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sisi wengine si mapacha. Hata figo ya kaka wa tumbo moja, kinga ya mwili inaiona ni mgeni na kutaka kuifukuza. Ndiyo sababu mgonjwa anameza takrolimusi au siklosporini, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni, kila siku, kwa muda wote ambao figo iko ndani yake. Kuacha siku chache ni kumfungulia mlango askari aliyekuwa amefungiwa. Na jambo baya ni kwamba vita vile mara nyingi huanza kimya. Hakuna maumivu. Mtu anachuma chai, anaimba kwaya, na figo inaharibika. Damu na mkojo ndivyo vinavyosema kwanza.

Daktari hatazami albumini peke yake. Kipimo anachokiangalia zaidi kinaitwa kreatinini. Hii si protini, ni takataka ya misuli ambayo figo inapaswa kuitoa. Ikipanda, figo imezembea. Lakini kreatinini ina udhaifu wake. Mtu aliyekonda sana, aliyekwisha misuli, anatengeneza kidogo, kwa hiyo karatasi inaweza kuonyesha namba nzuri huku figo ni dhaifu. Ndipo pengine daktari akaomba protini nyingine ya damu, sistatini C. Hii hutengenezwa na karibu chembe zote za mwili, haitegemei sana misuli, na figo ikichelewa kuchuja inajikusanya katika damu. Kumbe moja, albumini, tunataka isishuke, na hii nyingine tunataka isipande. Msizichanganye. Tena prednisoloni yenyewe inaweza kupandisha sistatini C kidogo, kwa hiyo hesabu hiyo mwachieni daktari. Kipimo hiki hakipatikani kila maabara, wala si kila mgonjwa anakihitaji. Asiandikiwe na jirani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ninyi ni watu wa daftari.

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo, ule wa KDIGO wa mwaka 2009, unapendekeza kreatinini ipimwe kila siku katika juma la kwanza au mpaka mgonjwa atoke hospitali. Baadaye mara 2 au 3 kwa juma mpaka mwezi wa kwanza uishe, kila juma katika mwezi wa 2 na wa 3, kila majuma mawili mpaka mwezi wa 6, kisha kila mwezi mpaka mwaka utimie. Mwaka wa pili na kuendelea, kila miezi 2 au 3. Protini ya mkojo ipimwe mwezi wa kwanza, halafu kila miezi 3 mwaka wa kwanza, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Albumini kwa kawaida huchukuliwa katika damu ile ile siku ya kliniki.

Hesabuni. Baada ya kutoka hospitali, mwaka wa kwanza peke yake mgonjwa atatolewa damu si chini ya mara 25. Chukueni nauli ya kwenda na kurudi, ya mgonjwa na msindikizaji, ongezeni chakula na gharama ya maabara, mzidishe kwa 25. Namba mtakayopata, iandikeni kwenye bajeti ya harambee kabla kadi hazijachapishwa. Harambee nyingi tulizoziona zinaandika upasuaji, zinaandika usafiri wa siku ya upasuaji, zinaandika hema na viti, na hapo zinaishia. Sisi tunashauri fungu la mwaka wa kwanza liwekwe kando, katika akaunti yenye sahihi tatu, lisiguswe hata kama kuna matanga. Tunajua ni vigumu. Matanga yanakuja na kilio, kliniki haiji na kilio.

Kuanzia mwaka wa pili, kikundi kinaweza kutumia njia kilizonazo. Wenye chai wanaweza kukata kidogo kwenye bonasi. Kikundi cha kina mama kimoja tunachokijua kimetenga kuku kumi, mayai yao ni ya nauli ya kliniki peke yake. Hayo ndiyo mayai tunayoyasifu!

Ulizeni pia kama damu inaweza kutolewa huku Kisii au Nyamira na majibu yakatumwa kwa daktari aliyempandikiza. Hiyo inaokoa safari nyingi. Lakini msihame maabara ovyo, maana mashine hazifanani, na daktari anataka kulinganisha namba ya leo na ya mwezi uliopita. Namba moja haina maneno mengi. Mfululizo wake ndio wenye habari. Albumini iliyokuwa 43, ikawa 40, ikawa 36, bado iko katika kiwango cha kawaida, lakini mtu mwenye macho ataona inateremka kilima.

Kwa sababu hiyo tunaomba kila mgonjwa awe na daftari, la kawaida la shule. Aandike tarehe, uzito, presha, kreatinini, albumini, na protini ya mkojo. Uzito apime nyumbani au dispensari, kwa sababu kilo mbili zikiongezeka kwa siku chache hizo si mafuta, ni maji. Daftari ni la mgonjwa. Mweka hazina anahitaji kuona risiti, hahitaji kusoma majibu ya damu mbele ya mkutano. Hili tunalisema kwa sababu tumeliona likifanyika.

Juu ya bima, mnajua NHIF ilipisha SHA tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyejiandikisha ahakikishe malipo yake ya mwaka yako sawa, kisha aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ni nini kinacholipwa na ni nini kinachobaki kwake, upasuaji, dawa, vipimo, kimoja kimoja. Msidhani kadi inalipa kila kitu, wala msidhani hailipi chochote.

Chakula tutakigusa kwa kifupi. Mgonjwa ale chakula cha kujenga mwili kwa kiasi. Baada ya upasuaji anahitaji cha kutosha ili kidonda kipone, baadaye kiasi cha kawaida kama mtaalamu wa lishe atakavyosema. Maharagwe, omena, maziwa yaliyochemshwa, yai, chinsaga, ugali wa wimbi, vyote ni chakula chetu na si sumu. Apunguze chumvi. Maziwa mabichi na nyama isiyoiva vizuri aviache, kinga yake ni ndogo. Ndizi na viazi aulize, kwa maana wengine dawa zao hupandisha potasiamu.

Balungi asile kabisa. Hilo tunda linapandisha takrolimusi na siklosporini katika damu mpaka zinakuwa sumu kwa figo ile ile. Baadhi ya dawa za hospitali nazo zinaingiliana. Ile ya kifua kikuu inayoitwa rifampisini huzishusha, na baadhi ya dawa za fangasi kama flukonazoli huzipandisha. Kwa hiyo mgonjwa aonyeshe orodha ya dawa zake popote anapotibiwa, hata kama amekwenda kwa malaria tu. Vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki na ibuprofeni, huumiza figo. Wachuma chai wote wana mgongo, tunajua, lakini aliyepandikizwa hawezi kushiriki vidonge na wenzake. Na miti shamba? Hatuwadharau wazee wanaoijua. Tunasema tu kwamba hakuna aliyeipima pamoja na takrolimusi, na figo ni moja.

Wengine wametuuliza kama Kanisa linakubali mambo haya ya kutoa kiungo. Linakubali. Papa Yohane Paulo II alizungumza na madaktari wa upandikizaji huko Roma tarehe 29 Agosti 2000, akasifu kutoa kiungo kuwa tendo la upendo, mradi mtoaji ameelezwa ukweli na amekubali kwa hiari. Akakataa kabisa kuuza na kununua, kwa maana mwili wa mtu si bidhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo inakataza biashara hiyo. Na Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi huko Eldoret kwa sababu ya madai ya namna hiyo. Vijana wetu wakiahidiwa pikipiki kwa figo moja, kikundi kinapaswa kujua na kusema.

Na yule ndugu aliyetoa kwa upendo, msimsahau. Naye apimwe presha, kreatinini na protini ya mkojo kila mwaka. Katika harambee zote tulizohudhuria, jina lake hutajwa siku moja tu. Mwekeeni nauli yake.

Mama mwenyekiti anatuonyesha saa. Tutachukua maswali baada ya chai. Wale ambao wana mgonjwa aliyepandikizwa, au anayejiandaa, tunaomba mbaki kidogo pale kwenye meza ya pembeni na kadi zake za kliniki. Tutaandika pamoja siku zake za vipimo mpaka mwisho wa mwaka, na jina la mtu atakayemsindikiza kila siku hizo. Kalamu tunazo.